Mawazo Yanapogeuka Maradhi: Mwongozo Kamili wa Kuielewa Sonona na Kuitibu kwa Njia ya Fikra

Mtu wa Lamu akikaa barazani siku tatu mfululizo bila kutia neno katika mazungumzo, majirani husema, "Ana mawazo." Neno hilo moja limebeba mambo mawili kwa pamoja: yale yanayopita kichwani mwa kila binadamu, na maradhi yanayomlaza mtu kitandani hadi adhuhuri akiwa macho. Washona wa Zimbabwe nao huiita hali hiyo kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Naamini lugha zetu zimegusa kiini cha jambo, kwa sababu tiba ya sonona iliyochunguzwa sana na watafiti huanza papo hapo, kwenye wazo lenyewe.

Mwongozo huu unafuata njia ya saikolojia ya utambuzi, ambayo ni elimu inayochunguza jinsi akili inavyopokea habari, inavyozihifadhi na inavyozifasiri. Nimeuandika kwa ajili ya mgonjwa na kwa ajili ya yule anayekaa naye nyumbani, kwa sababu mara nyingi mama, dada au mke ndiye anayetafuta msaada wakati mgonjwa mwenyewe hana nguvu hata ya kushika simu. Haushiki nafasi ya daktari. Unamsaidia mtu kumfikia daktari akiwa anajua la kusema, na unampa kazi ya kufanya siku zile ambazo hana miadi.

Kuhusu jina, nchini Kenya wengi husema unyogovu au msongo wa mawazo, na Tanzania neno sonona limeenea zaidi. Nitatumia sonona, kwa kuwa msongo wa mawazo huchanganywa na uchovu wa kazi na shughuli, ambao si maradhi haya.

Kabla ya hatua ya kwanza: usalama

Ikiwa mtu unayemhofia amesema kwamba heri afe, au kwamba watu watapumzika akiondoka, au ameanza kugawa vitu vyake na kuaga bila ya safari, usisubiri kumaliza kusoma. Muulize waziwazi, kwa upole, mkiwa wawili peke yenu: "Je, umefikiria kujiua?" Wengi huogopa kwamba swali hilo litampa nia ambayo hakuwa nayo, lakini tafiti zimeonyesha kwamba kuuliza hakumtii mtu nia ya kujiua, na wengi hupata nafuu kwa kuwa hatimaye kuna aliyewauliza. Akikubali, asiachwe peke yake hata kwa muda mfupi, dawa za kuulia wadudu na vidonge viondolewe nyumbani, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni lazima kukodi boti usiku. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya hupigwa bila malipo.

Kwa miaka mingi familia zilificha tukio la namna hii kwa kuogopa polisi, kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Hofu hiyo isimzuie mtu tena kumfikisha mgonjwa wake kwa daktari.

Hatua ya kwanza: kutenganisha huzuni na sonona

Huzuni si maradhi. Aliyefiwa hulia, hukosa usingizi na hupoteza hamu ya chakula, lakini katikati ya matanga akikumbushwa kichekesho cha marehemu hutabasamu, na siku zikienda maumivu hupungua makali. Sonona haina vipindi hivyo vya kupumua. Madaktari huitambua kwa dalili 9: moyo mzito karibu siku nzima, kupotea kwa hamu ya mambo yaliyokuwa yakipendeza, mabadiliko ya hamu ya chakula au uzito, usingizi kukosekana au kuzidi, mwili kuwa mzito au kutotulia kiasi kwamba wengine wanaona, uchovu usioondoka kwa kupumzika, kujiona huna thamani au kujilaumu kupita kiasi, kushindwa kumakinika au kuamua, na mawazo ya kifo. Zikipatikana angalau 5 karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, moja ikiwa ni ile ya kwanza au ya pili, na zikawa zimeharibu kazi au maisha ya nyumbani, hapo kuna sababu nzito ya kuamini kwamba ni sonona.

Vituo vingi vya afya hutumia hojaji iitwayo PHQ-9, ambayo ina maswali 9 na kila swali hupewa alama kuanzia 0 hadi 3. Jumla ya 10 na kuendelea humaanisha kwamba mtu anastahili kuonwa na mtaalamu. Hojaji hiyo ni kipimo cha kuanzia tu, lakini ina faida moja kubwa: ukiijaza tena baada ya mwezi, utaona kama unapanda au unashuka, jambo ambalo mgonjwa mwenyewe huwa vigumu kulihisi.

Pwani yetu ina tatizo lake. Mtu wa kwetu haendi kwa daktari kusema kwamba ana huzuni. Huenda akasema kichwa chamuuma, kifua chambana, mgongo wawaka moto, akapewa vidonge vya maumivu, akarudi mwezi unaofuata na malalamiko yaleyale. Kwa hiyo unapoingia chumba cha daktari, taja maumivu ya mwili, kisha ongeza sentensi hii: "Na pia kwa wiki kadhaa sina raha na jambo lolote, na silali."

Hatua ya pili: kuondoa maradhi mengine njiani

Hatua hii ni fupi lakini isirukwe. Upungufu wa damu, kulegea kwa tezi ya shingo na kisukari huweza kumfanya mtu awe mzito na asiye na hamu, na kipimo cha damu huyatambua. Mwanamke aliyejifungua karibuni aseme hivyo, kwa kuwa sonona ya baada ya uzazi ni ya kawaida na hutibika. Anayetafuna miraa au muguka aseme, na anayetumia unga, yaani dawa za kulevya, aseme pia, kwani daktari hawezi kupima asichoambiwa. Na kama kuna wakati ambapo mgonjwa alikaa siku nyingi akiwa na furaha isiyo na kiasi, akilala saa mbili tu bila kuchoka na kutapanya fedha, ni lazima daktari ajue, kwa sababu huenda hayo ni maradhi mengine ambayo dawa ya sonona ikitolewa peke yake inaweza kuyachochea.

Hatua ya tatu: kuelewa akili inavyofanya kazi ndani ya sonona

Katika miaka ya 1960 daktari wa magonjwa ya akili Aaron Beck, wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani, alikuwa akijaribu kuthibitisha nadharia ya Sigmund Freud kwamba sonona ni hasira ambayo mtu ameigeuza dhidi ya nafsi yake. Alipochunguza ndoto za wagonjwa wake hakukuta hasira aliyoitarajia. Alikuta kushindwa, kupoteza na kuachwa. Kisha akagundua jambo kubwa zaidi: wakati mgonjwa anazungumza, chini ya maneno yake hupita mkondo wa pili wa maneno mafupi ya haraka ambayo hayatamki, na ambayo mara nyingi hata hajui kwamba anayasikia. Nayaita mawazo yajayo yenyewe. Hayatafutwi wala hayaalikwi, na kwa kuwa huja na sauti ya mtu mwenyewe, huaminiwa papo hapo.

Beck aliona kwamba kwa wagonjwa wa sonona mawazo hayo hushambulia pande tatu: nafsi, ulimwengu na kesho. "Mimi si chochote. Watu hawanijali. Na haitakuwa vingine." Zikiungana pande hizo tatu, mtu amefungiwa chumba kisicho na dirisha, na uchovu wake, ukimya wake na kukata tamaa kwake vyote vinaeleweka, kwa kuwa yeyote ambaye angeamini mambo hayo matatu angelala vilevile.

Swali ni kwa nini mtu mwenye akili timamu ayaamini. Jibu liko katika namna akili inavyochagua habari. Chekeche la kawaida huangusha makapi na kubakisha mchele, lakini akili iliyoshikwa na sonona hubakisha makapi. Katika siku yenye mambo 20, jicho hutua kwenye 2 mabaya na kukaa hapo. Kumbukumbu nayo hufuata: mtu mwenye moyo mzito hukumbuka mazito kwa urahisi, na mazuri humjia kwa shida na bila umbo. Mwanasaikolojia Mark Williams na mwenzake walionyesha mwaka 1986 kwamba watu waliokuwa wamejaribu kujiua, walipoombwa kukumbuka tukio moja mahususi, walijibu kwa ujumla tu, kana kwamba siku zao zimeshikana zikawa kitu kimoja. Tafiti zilizofuata zilikuta hivyohivyo kwa wagonjwa wa sonona.

Jambo hilo lina matumizi ya moja kwa moja nyumbani. Ukimuuliza mgonjwa, "Lini ulifurahi mara ya mwisho?" atasema hakuna. Muulize kuhusu kitu kidogo chenye mahali na watu: "Ile Jumapili tuliyovuka kwenda Manda, nani alichoma samaki? Wewe ulikaa upande gani wa mkeka?" Unamsaidia kurudisha tukio moja, na tukio moja linatosha kwa siku ya kwanza.

Hatua ya nne: kurudisha mwendo kabla ya hamu

Wengi hudhani kwamba tiba ya fikra huanza kwa kubishana na fikra. Kwa mtu aliye dhaifu sana huanza na mikono. Mgonjwa husubiri hamu ije ndipo ainuke. Katika sonona hamu hutembea nyuma ya mguu, na anayeisubiri atasubiri sana. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake walilinganisha tiba kamili ya fikra aliyoiasisi Beck na ile sehemu yake ya kurudisha shughuli peke yake, wakakuta kwamba sehemu hiyo ilifanya kazi sawa na tiba nzima.

Tuchukue mfano, na mifano yote miwili ya mwongozo huu nimeitunga kutokana na maisha ya kawaida ya hapa. Mama mmoja wa Matondoni hakuwahi kukaa bila ukili mkononi kabla ya kuugua. Sasa miyaa yake imekauka pembeni mwa ukumbi na kila akiiona hujilaumu. Ukimwambia "Suka mkeka," umempa mlima. Kazi ya siku ya kwanza iwe kuiloweka miyaa majini, basi. Siku ya pili akae nayo ukumbini dakika 10, na kusuka si lazima. Siku ya tatu asuke nusu pima na aache, hata kama anaweza kuendelea.

Kabla ya kila kazi aandike, au aseme na mtoto aandike, ni raha kiasi gani anayoitarajia kati ya 0 na 10. Akimaliza aseme ameipata kiasi gani. Mama huyu alitarajia 0 na akapata 3. Ile 3 haiponyi, lakini ni ushahidi wa kwanza kwamba utabiri wa akili yake haukuwa sahihi, na ushahidi huo ameupata kwa vidole vyake mwenyewe na si kwa mawaidha.

Kwetu ratiba haihitaji saa ya ukutani, kwa kuwa adhana imeshaigawa siku. Pangeni kazi moja ndogo baada ya Alfajiri, moja baada ya Laasiri, na moja inayomkutanisha na mtu mwingine angalau mara tatu kwa wiki. Changanyeni kazi za raha na kazi za wajibu. Na kazi ifanywe kwa sababu imeandikwa, bila kuuliza moyo unasemaje asubuhi hiyo.

Hatua ya tano: kulipeleka wazo mbele ya kadhi

Hapa ndipo penye kiini, na hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wapoe.

Mfano wa pili ni mvuvi mwenye miaka 34. Kusi imeingia, bahari imechafuka, mashine ya boti yake imeharibika na anadaiwa dukani. Jioni moja anapita Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, anamwona rafiki yake wa tangu chuoni, anamtolea salamu, na rafiki anapita bila kujibu. Tumbo linamwanguka. Anarudi nyumbani kwa njia ya nyuma ili asikutane na mtu, hali chakula cha usiku, na kesho yake hatoki. Ukimuuliza kilichomlaza, atasema ni kule kutojibiwa salamu. Ukweli ni kwamba kati ya salamu na kitanda kulikuwa na kitu cha tatu, nacho ndicho tunachokitafuta.

Achukue daftari la kawaida la shule na kugawa ukurasa kwa mistari. Katika sehemu ya kwanza aandike tukio, na aandike kile tu ambacho mtoto wa miaka 7 aliyekuwa amesimama pale angekiona na kukisimulia: "Nilisalimu. Hakujibu. Alipita." Neno "alinidharau" halimo, kwa sababu dharau haionekani kwa macho.

Katika sehemu ya pili aandike maneno yaliyopita kichwani, kama yalivyopita, bila kuyapamba: "Ananidharau kwa ajili ya deni. Mji mzima wajua. Sitainuka tena." Pembeni aandike anayaamini kwa asilimia ngapi. Aliandika 90. Sehemu ya tatu ni ya hisia na nguvu zake kati ya 0 na 100: aibu 80, huzuni 85.

Sasa ayatazame yale maneno matatu. La kwanza linadai kuusoma moyo wa mtu mwingine. La pili linachukua mtu mmoja na kumgeuza mji mzima. La tatu linatabiri kesho. Wataalamu wameyapa makosa ya namna hii majina mengi, na mengine ni kuona kila kitu kuwa ama cheupe kabisa ama cheusi kabisa, kujibandika jina kama "mimi bure" kwa kosa moja, na kuhesabu jema lililotokea kuwa si kitu. Usijisumbue kukariri majina. Inatosha kujua kwamba wazo likija na uhakika mkubwa na ushahidi mdogo, lina kasoro.

Kisha shauri lifunguliwe. Watu wetu wanaijua kanuni ya mahakama ya kadhi: mwenye kudai ndiye mwenye kuleta ushahidi. Sonona hugeuza kanuni hiyo; wazo hutoa dai, na mgonjwa ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba yeye si mtu bure. Irudishwe kanuni mahali pake. Wazo ndilo mdai, nalo lilete mashahidi.

Mashahidi wa kuunga mkono: rafiki hakujibu, na deni ni la kweli. Waandikwe, wasifichwe. Mashahidi wa upande wa pili: wakati ule punda watatu waliobeba mchanga walikuwa wakipita, watu wote wamejibana ukutani, na mwenye punda anapiga kelele za kuomba njia. Rafiki alikuwa na simu sikioni. Ijumaa iliyotangulia walitoka msikitini pamoja na yeye ndiye aliyelipa kahawa. Na rafiki mwenyewe anadaiwa katika duka hilohilo.

Hukumu iandikwe kwa sentensi ambayo mtu anaweza kuiapia: "Huenda hakunisikia. Nina deni, na sijui ni wangapi wanaolijua. Mwezi huu hajanionyesha dharau yoyote." Huzuni ikashuka kutoka 85 hadi 50. Ingeshuka hadi 0 ningeshuku kwamba amejidanganya, kwa kuwa tiba hii haibadilishi wazo chungu kwa wazo tamu. "Kila kitu kitakuwa sawa" ni dai lisilo na mashahidi pia, na akili ya mgonjwa huligundua haraka na kulitupa.

Hukumu ya daftarini huthibitishwa kwa jaribio. Mvuvi aliandika utabiri wake: "Nikimfuata atanijibu kwa mkato na kuondoka." Jioni iliyofuata akamfuata barazani.

"Sahibu, juzi nilikutolea salamu hukuitika."

"Wapi?"

"Pale Usitani, penye wale punda."

"Wallahi sikukusikia. Nilikuwa nasema na ndugu yangu yuko Mokowe, boti imemwacha. Kaa kitako, umepotea wewe."

Si kila jaribio litajibiwa hivi. Pengine mtu atagundua kwamba rafiki kweli amebadilika, na hapo pia amepata habari ya kweli juu ya mtu mmoja, ambayo uzito wake ni mwepesi kuliko hukumu ya mji mzima. Daftari lifanywe kila siku kwa wiki kadhaa, tukio moja kwa siku likitosha. Baada ya kurasa 20 hivi mtu huona kwamba madai yake yanafanana, na akijiuliza kila mara, "Na hilo likiwa kweli, lina maana gani juu yangu?" hufika kwenye imani moja ya chini kabisa, kama vile "Mwanamume asiyeleta kitu nyumbani si mtu." Imani kama hiyo imejengwa tangu utotoni, na kuibomoa kunahitaji mtaalamu. Tiba kamili ya fikra na tabia kwa kawaida huchukua vikao kati ya 12 na 20.

Hatua ya sita: kuacha kucheua

Mbuzi akishiba hulala kivulini na kucheua. Mgonjwa wa sonona naye hulala na kuyarudisha mambo yaleyale mdomoni mwa akili: kwa nini mimi, kwa nini nilifanya vile, kwa nini sipati nafuu. Mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba tabia hii hurefusha huzuni na kuitia nguvu, ingawa anayecheua huamini kwamba anatafuta ufumbuzi. Kipimo cha kutofautisha ni rahisi. Baada ya nusu saa ya kufikiri, je, umepata jambo moja la kutenda kesho? Kama hukupata, ulikuwa ukicheua.

Badilisha "kwa nini" kwa "nini sasa". Tenga dakika 20 baada ya Laasiri ziwe za kuwaza, na wazo likija saa nyingine liandikwe kwa neno moja na kuahirishwa. Usiku, ukikaa macho kwa muda mrefu, toka kitandani, kaa ukumbini penye mwanga hafifu, na urudi usingizi ukija, ili kitanda kisizoee kuwa mahali pa kucheulia.

Mawazo ambayo ni ya kweli

Deni la mvuvi ni la kweli, na sitaki msomaji adhani kwamba saikolojia inamwambia maskini awaze vizuri. Wazo likishinda mbele ya kadhi, lihamishwe kutoka daftari la ushahidi hadi daftari la matatizo: liandikwe kwa sentensi moja, yatafutwe masuluhisho yote hata ya kipuuzi, lichaguliwe moja, ligawanywe vipande, na kipande cha kwanza kipewe siku. Kwa mvuvi, kipande cha kwanza kilikuwa kwenda kwa mwenye duka kabla hajaitwa.

Shirika la Afya Duniani lina programu ya vikao 5 inayofuata mtindo huu, ambayo hutolewa na watu wa kawaida waliofunzwa, na imejaribiwa kwa mafanikio miongoni mwa wanawake wa Nairobi. Huko Harare, daktari Dixon Chibanda aliwafunza nyanya wa mitaani wakae kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati na kuwasikiliza wagonjwa wa kufungisisa, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba dalili za wagonjwa hao zilipungua kuliko za wale waliopata huduma ya kawaida. Kila nikipita penye baraza za Lamu huwaza kwamba mabenchi sisi tunayo tayari, yamejengwa kwa chokaa na mawe tangu zamani, na kilichobaki ni mafunzo.

Dawa

Sonona ya wastani na kali huweza kuhitaji dawa, na hakuna aibu ndani yake. Fluoxetine na amitriptyline zinapatikana katika hospitali nyingi za umma. Kwa kisiwa chetu cha Lamu pa kuanzia ni hospitali ya kaunti ya King Fahd. Dawa hizi hazifanyi kazi kama ya maumivu ya kichwa. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4, na mara nyingi madhara madogo kama kichefuchefu au mdomo kukauka hutangulia nafuu yenyewe, ndiyo maana wengi huacha katika wiki ya kwanza, wakati mbaya kuliko yote. Akishapona, mgonjwa huendelea nazo kwa miezi kadhaa, mara nyingi 6 au zaidi, na huacha kidogokidogo kwa maelekezo ya daktari. Amitriptyline ikinywewa nyingi kwa mara moja huweza kuua, hivyo pakiti ikae kwa mtu mwingine wa nyumbani. Vijana walio chini ya miaka 25 waangaliwe kwa karibu zaidi wiki za mwanzo.

Kuhusu kuchagua kati ya dawa na tiba ya fikra, tafiti za Robert DeRubeis na Steven Hollon zilizochapishwa mwaka 2005 zilionyesha kwamba, kwa sonona ya wastani hadi kali, tiba ya fikra mikononi mwa mtaalamu mzoefu ilikaribiana na dawa, na waliotibiwa kwa fikra waliugua tena kwa uchache kuliko waliokuwa wameacha dawa. Penye uwezekano wa kupata zote mbili, zichukuliwe zote mbili.

Watu wa nyumbani na dini

Neno linaloumiza kuliko yote ni "Jikaze." La pili ni "Imani yako imepungua." Mwaka ambao Mtume alifiwa na Bi Khadija na ami yake Abu Talib umeitwa Mwaka wa Huzuni, na Nabii Yaaqub alimlilia mwanawe mpaka macho yakageuka meupe, hakuna aliyethubutu kuwaambia wao hawana imani. Dua na kisomo viendelee, na miadi ya hospitali iendelee pamoja navyo, kwa kuwa tumeamrishwa kutafuta dawa.

Kwa mzee mwanamume, ambaye ni mgumu kuliko wote kukubali msaada, anza kwa kukaa. "Shikamoo, ami. Nimekuja kukaa nawe tu, si lazima tuzungumze." Kesho yake: "Ami, nashuka pwani kuangalia boti, nisindikize mpaka gatini." Safari ya tatu au ya nne ndiyo ya kusema, "Nimeomba nafasi kwa daktari siku ya Jumatatu. Nitakuchukua mimi, na nitakaa nawe ndani ukitaka."

Kujiandaa kwa kurudi kwake

Sonona ina tabia ya kurudi, na aliyeugua mara moja ana hatari kubwa zaidi ya kuugua tena kuliko ambaye hajawahi. Kwa hiyo mtu akipata nafuu, wakati akili yake ni safi, aandike ukurasa mmoja wenye mambo matatu: alama zake za mwanzo, kazi ndogo zilizomsaidia, na jina la mtu wa kumwambia. Alama ziwe zake hasa, si zile za kitabuni, na zitajwe kwa vitendo vinavyoonekana na wengine. Azingatie pia majira, kwa kuwa wavuvi wengi hukaa bure miezi ya kusi, na ukurasa huo ni vizuri ukasomwa upya kila kusi inapokaribia. Nakala ibaki kwa mtu mwingine, kwa sababu mgonjwa akianza kuzama hataukumbuka.

Mvuvi wetu alimpa dada yake nakala hiyo. Mstari wake wa kwanza unasema: "Nikizunguka njia ya nyuma siku mbili mfululizo ili nisipite Usitani, usiniulize kama niko salama. Niulize nimesikia nini kichwani, na uniletee daftari."